Anayeua swampi hapangi foleni

Wasee, lori likija usiku limwage kifusi kwenye swampi ya mtaa wenu, nani huliuliza kibali? Hakuna. Asubuhi mnaamka mnapata mabati yashazungushwa.

Sasa jaribu wewe kuirudisha hiyo swampi. Sisi vijana kumi na wawili wa mtaani tulijaribu. Tulitaka kutoa takataka, kuziba mtaro unaoikausha, kupanda mafunjo. Basi. Ofisi ya kwanza ikatutuma ya pili. Ya pili ikataka barua ya ofisi ya tatu. Ya tatu, mkubwa yuko semina. Miezi minane sasa, faili "inashughulikiwa" na mabati yanaongezeka.

Na shida si karani peke yake. Soma Sheria ya Mazingira ya 1999, kifungu cha 42. Kujenga ndani ya kinamasi, kukikausha, kukimwagia vitu, yote yanataka ruhusa ya maandishi. Hiyo poa. Lakini kupanda mmea humo, hata wa kienyeji, kuko kwenye orodha hiyo hiyo! Yaani anayeua na anayetibu wamewekwa foleni moja, na anayeua hata haji kupanga.

Najua kuna mtu atasema, "Mkiharakisha, matapeli watapita." Ni kweli. Kuna wanaopanda mikaratusi kwa swampi wakiita uhifadhi, na huo mti hunywa maji vibaya sana. Ndiyo maana sisemi kibali kifutwe. Nasema foleni zitenganishwe. Kama mradi hauna jengo wala mmea wa kigeni, iwe fomu moja na dawati moja. Afisa aje aone mahali penyewe, na ndani ya siku 30 aseme ndiyo au hapana, na sababu aandike. Akinyamaza, aulizwe yeye.

Msituambie serikali haiwezi mbio. Aprili 2024 mafuriko yalibeba nyumba na watu Mathare, na haikuchukua muda tingatinga zikafika kubomolea waliobaki kando ya mto. Swampi ni kama sponji, inameza mvua na kuiachilia polepole. Tunaomba tu robo ya mbio za zile tingatinga.

Kikao cha wadi kikiitwa, usikae nyumbani. Nenda uulize swali moja: faili za kurudisha swampi zimekaa kwa meza ya nani?