Akiba Inaanza na Maharage
Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ninauunga mkono kwa moyo wote, lakini mama wa Mbagala anapika leo, tena kwa mkaa wa kopo, ambao humgharimu zaidi kuliko anayemudu gunia, na ambao umekula misitu ya Pwani na Morogoro. Kwake akiba inaanza na maharage. Yakilowekwa usiku kucha huiva mapema. Sufuria ikifunikwa, joto halipotei na mvuke. Jiko lenye udongo ndani hutumia mkaa kidogo kuliko la bati tupu, maana udongo huzuia joto kutorokea pembeni. Ila kinachonishangaza hasa ni presha kuka ya umeme: nusu kilo ya maharage haimalizi hata uniti moja ya LUKU, kwa kuwa chombo kimefungwa barabara na joto limebanwa humo humo. Kikwazo ni bei ya dukani. Vikoba vyetu hukopeshana kwa ada za shule na mitaji ya biashara. Sioni kwa nini visikopeshane na kwa chombo hiki, mkopo urejeshwe kidogo kidogo kwa fedha ile ile iliyokuwa ikinunua mkaa.