SEHEMU YA 6: Mama na gitaa, vidole vikiuma usiache

Leo siongelei uji wala chanjo. Ile picha niliyoweka Jumapili, nimeshika gitaa barazani, imenijazia ujumbe. Kuna waliocheka, kuna walioniuliza kama nimeacha uuguzi. Hata mama mkwe wangu aliuliza, "Mwanangu, unataka kwenda kuimba baa?" Nikamjibu, "Hapana mama, nataka kujifunza tu." Hakuridhika, ila alikaa akasikiliza.

Msimamo wangu ni huu: mama mwenye watoto wadogo ajifunze kitu kigeni kwake, palepale nyumbani, watoto wakimwona anavyokosea. Mimi nimechagua gitaa. Na hayo maneno kwamba gitaa ni la wahuni siyakubali. Hapa Nyakitonto tunalisikia kanisani. Jirani zetu Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, iliyopo wilayani kwetu Kasulu tangu 1996, wametoka kwenye nchi ya wapiga gitaa hasa. Yupo mmoja wa zamani, Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Alirekodiwa mwaka 1952 huko Jadotville, siku hizi Likasi, na gitaa lake moja tu la kawaida. Mkono wa kulia alitumia kidole gumba na cha shahada, basi. Tafuteni wimbo wake Masanga kwenye simu mshangae vidole viwili vinafanya nini.

Sasa tuje kwenye maumivu, maana hapa ndipo wengi wanapoacha. Wiki ya kwanza ncha za vidole vya mkono wa kushoto zinauma kweli. Nyuzi za chuma zinakata. Ngozi ikibanwa kila siku inajiongezea unene, inaota sugu, kama kiganja cha mtu wa jembe. Inachukua wiki mbili, tatu, wakati mwingine nne. Kwa hiyo piga dakika kumi kila siku, usipige saa mbili Jumamosi halafu ukae wiki nzima unapuliza vidole. Lengelenge likitokea usilitoboe, pumzika siku mbili. Na usishike gitaa ukitoka kufua. Ngozi iliyolowa ni laini, inachubuka haraka. Mimi kazini nanawa mikono kutwa nzima, sugu yangu imechelewa mno! Kama una uwezo wa kuchagua, chukua gitaa la nyuzi za nailoni, ni laini zaidi. Langu ni la mkono wa pili, nyuzi zake zimekaa juu sana kutoka shingoni, kila nikibana nasema jamani.

Anza na Em, inataka vidole viwili tu. Ukiizoea, tafuta A. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila kusimama, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Halafu hili nalisema kama nesi, mnisikilize. Kile kidude cha plastiki cha kucharazia ni kidogo, mtoto wa miaka miwili anakitia mdomoni na kinamkaba. Vile vifaa vya kutyuni vinavyobanwa kichwani mwa gitaa, vingi vina betri bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Usingoje aitoe chooni, kimbia hospitali. Mimi natyuni kwa programu ya bure ya simu, betri hiyo haipo nyumbani kwangu.

Kwa nini nasema watoto wakuone? Binti yangu ana miaka tisa. Mwaka jana alichekwa darasani akisoma kwa sauti, na aliyeanza kucheka ni mtu mzima. Tangu hapo nyumbani akawa anasoma kimyakimya, ukimwambia asome kwa sauti anasema koo linauma. Nimemwangalia hilo koo, ni zima kabisa. Basi jioni moja nakosea Em, narudia, nakosea tena, yeye anacheka mpaka analala chini. Nikacheka naye, nikaendelea. Siku kama ya nne akaja na kitabu akakaa pembeni yangu, akaanza kusoma kwa sauti, nami nacharaza. Sikumwambia kitu.

Siwaambii gitaa limemponya. Maneno marefu bado anasita, nami kutoka Em kwenda A bado nasimama njiani kama basi bovu. Juzi nilitoka zamu ya usiku nikasema leo sipigi. Akaniletea gitaa mwenyewe: "Mama, dakika kumi zako."

Sehemu ya 7 nitarudi kwenye uji wa lishe, nimewasikia. Wenye gitaa nyumbani, niandikieni: vidole vyenu viliacha kuuma baada ya wiki ngapi?