Mzee Aliyekuwa Askari

Mzee mwenye miaka mingi akizikwa huko Kashebere, matanga hayaishi upesi. Watu hutoka Nyabiondo, wengine hutoka upande wa Walikale, maana pale ni mpakani, na ukoo mmoja mara nyingi huwa na shina lake Masisi na matawi yake Walikale, Wahunde na Wanyanga wakiwa wamekwisha kuoana tangu zamani. Hunywewa kasiksi, huhesabiwa watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe. Kisha husimama mtu wa makamo akasema, "Mzee wetu alikuwa askari, alipigana vita vya Wazungu." Watu huitikia, na msemaji hupita upesi kwenye habari za mashamba na mahari. Vita gani? Alikwenda wapi? Alirudi na nini mwilini na moyoni? Hayo hayasemwi, na aliyeyajua amekwisha kulazwa ndani ya sanduku.

Wasomaji wapenzi, juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya wazee wa namna hiyo, na zaidi na ninyi watoto wa shule mnaojua kushika kalamu.

Kwanza tuondoe jambo moja dogo lenye kuleta matata. Wazungu walipigana vita vikubwa viwili, na babu zetu waliingizwa katika vyote viwili. Mtu akisema babu yake alizaliwa mwaka 1922 na tena alipigana Tabora, amechanganya habari za babu na za baba wa babu. Askari wa Force Publique waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, chini ya Jenerali Tombeur, baada ya kuvuka Rwanda na Burundi na kuwafukuza Wadachi. Kivu ilikuwa mlango wa vita hivyo. Nao askari hawakuwa peke yao njiani: nyuma yao walikwenda wapagazi zaidi ya 200,000 kwa jumla, wakichukua risasi na vyakula vichwani, wakifa kwa kuhara, kwa baridi na kwa njaa. Askari aliyerudi alisimuliwa. Lakini mpagazi, ni nani kwetu amtajaye hata mmoja kwa jina?

Vita vya pili vilikuwa vya mbali zaidi. Mwaka 1941 askari wa Kongo walipelekwa Uhabeshi kupigana na Waitalia. Walipita Sudani, wakapanda mashua juu ya Nili na mito yake, wakakwea milima. Waliteka Asosa mwezi wa Machi, wakaingia Gambela mwezi ule ule, kisha wakakaa miezi chini ya mlima wa Saio, mvua ikinyesha bila huruma, magari yamekwama, chakula hakifiki. Wengi waliuawa na beriberi, ugonjwa unaotokana na chakula kisicho na nguvu. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera, mkubwa wa Waitalia, alikubali kushindwa mbele ya Jenerali Gilliaert. Mtoto wa shule akisoma hayo hudhani ni kazi ya majenerali. Walioshika bunduki matopeni, wakila nusu ya posho, walikuwa watu weusi wa Kongo, na hapana hata mmoja wao aliyeweza kuwa ofisa. Mlango huo haukufunguliwa hata uhuru wa 1960.

Wengine walikwenda mbali kuliko hao. Hospitali moja ya vita ya Kongo, yaani kikosi cha waganga na wachukuzi wa machela, ilipelekwa India, na mwaka 1944 ikaingia katika misitu ya Burma pamoja na jeshi la Waingereza kutoka Afrika ya Mashariki. Twapenda kufikiri juu ya jambo hili: katika jeshi lile walikuwamo watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na amri kati yao zilitolewa kwa Kiswahili. Basi mtu aliyezaliwa upande wetu wa Kivu, ambaye jeshini kwake alilazimika kujifunza Lingala, alisikia tena maneno ya nyumbani huko mwisho wa dunia, chini ya mianzi isiyo ya kwao.

Mmoja wa waliofika Burma alikuwa Koplo Albert Kunyuku, aliyezaliwa mwaka 1922. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa, akamvika nishani mzee huyo mwenye miaka mia, mbele ya mnara wa askari wa zamani. Alihesabiwa kuwa wa mwisho aliye hai kati ya askari wa Kongo wa vita vile. Tulifurahi kuona heshima hiyo. Lakini tulihesabu pia: toka mwisho wa vita mpaka siku ile ilipita miaka 77. Wenzake wote walikwisha kufa, na kifua cha mzee mmoja kililazimika kubeba nishani ya maelfu.

Sasa twaja kwenye neno gumu, ambalo halisemwi kwenye matanga. Jina la askari katika nchi yetu halikuwa na heshima tu. Lilikuwa na hofu. Wakati wale wengine wako vitani, nyumbani serikali ilitaka mpira na vyakula kwa ajili ya vita. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima kwa mwaka ziliongezwa toka 60 hata 120. Wanaume waliingizwa tena porini kutafuta mpira wa mwitu, na kiboko kilikuwa pale pale. Mwaka 1944 watu wa Lubutu na Masisi waliinuka, wakiongozwa na Bushiri, mtu wa Kitawala. Aliyetumwa kuwanyamazisha ni nani? Ni Force Publique ile ile. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, askari wenyewe waliasi Luluabourg. Basi katika mwaka mmoja Mkongo mmoja alikuwa akichukua majeruhi Burma, wa pili akipiga ndugu zake porini, wa tatu akiwageukia wakubwa wake.

Je, mzee wetu alikuwa yupi kati ya hao? Pengine jibu litatuaibisha. Wako wanaosema maiti asisemwe, na desturi hiyo ina upole wake. Walakini sisi twaona kwamba kumsifu mzee kwa mambo asiyoyafanya, na kuyafukia aliyoyatenda, ni kumzika mara mbili. Kama alipiga watu, na baadaye akaishi miaka hamsini akilima, akisuluhisha magomvi ya mashamba, asiweze kuvumilia mtoto apigwe mbele yake, hiyo ndiyo habari yake, nayo ni kubwa kuliko ya bunduki. Wajukuu wake wanaishi katika nchi ambamo vijana wameitwa kushika silaha tena na tena, tangu Machi 1993 vita vilipoanzia soko la Ntoto, katika Walikale. Wanastahili kujua kwa mtu wa damu yao jinsi bunduki ilivyo nzito baada ya kuiweka chini.

Vita hivyo vimetuletea hasara nyingine. Nyumba zimechomwa, watu wamekimbia mara tatu, mara nne, na kitabu cha askari, picha na nishani vilivyokuwa chini ya kitanda vimeteketea. Lakini si vyote vimepotea. Mzee aliyebatizwa ana mstari wake katika kitabu cha ubatizo cha parokia, na pengine jina la baba yake na la kijiji chake yamo. Asiyebatizwa atafutwe kwa wenzake wa rika: alikuwa amekwisha kutahiriwa mpira ulipokuwa ukitafutwa? Alikuwa ameoa? Mtoto wake wa kwanza alikuwa anatembea? Kwa njia hiyo mwaka hupatikana bila karatasi. Habari za umri wa miaka 130 tuwaachie wapiga domo.

Tena, msiwaulize wanaume tu. Mke wa askari alifuatana na mumewe kambini, akapika, akazaa, akazika watoto mbali na mama yake. Au aliachwa kijijini, akalima sehemu yake na ya mume. Bibi mmoja mwenye macho hafifu, ambaye kila mtu humdhani amesahau yote, huenda akajua jina la kambi, nambari ya mumewe na matusi ya Lingala ya sajini wake, na kuyasema yote bila kukosea, akitazama kando kwa sababu ya watoto.