Kukusanya Mawe

Watu wengine hudhani ya kuwa mtoto aokotaye mawe anacheza tu. Mimi sidhani hivyo. Hanang ulikuwa mlima wa moto zamani, na mawe yake si ya namna moja: mengine magumu, mengine hupondeka upesi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya miamba yake laini ilijaa maji ikaporomoka. Matope na mawe yakashukia Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Je, kupambanua jiwe gumu na laini ni upuzi? (Watafutao vito vya kuuza wana kazi nyingine, nayo yataka leseni.) Basi okota, lakini andika ulipoliokota, upande gani wa mlima, jiwe ambalo mahali pake hapajulikani ni bubu, hata likimeta. Tena makorongoni usiingie wakati wa mvua.