Kolirabi: Usitupe Majani

Jirani yangu hapa Uthiru alirudi nyumbani jioni moja na mboga ngeni: kitu cha kijani, cha mviringo, chenye majani yaliyochomoza kila upande. Alikuwa amechagua kubwa kuliko zote akidhani amepata faida. Akayatupa majani, akachemsha lile bonge saa nzima. Watoto walitafuna, wakatema nyuzi. Usiku huo ugali ulisukumwa kwa chai ya rangi.

Akina mama, kosa halikuwa la mboga. Kolirabi ni ndugu wa kabichi na sukuma wiki. Jina lake ni la Kijerumani. Bonge lile si tunda wala mzizi, bali ni shina lililonenepa juu ya ardhi.

Unaponunua, chagua changa isiyozidi ngumi yako, yenye majani mabichi. Iliyokomaa huwa ngumu kama kuni. Ukiikosa Kangemi, jaribu soko la City Park, Parklands. Wapishi wa Kihindi waliizoea zamani.

Tena usiichemshe mno. Gramu 100 za kolirabi mbichi zina vitamini C miligramu 60 hivi, na moto mwingi huiharibu.

MAHITAJI (watu 4)
Kolirabi 3 changa pamoja na majani yake
Kitunguu 1
Nyanya 2
Bizari, kijiko kidogo 1
Mafuta, chumvi na dania

JINSI YA KUPIKA
1. Menya ganda lote gumu, kisha kata vipande vidogo.
2. Kaanga kitunguu, tia bizari na nyanya, koroga hadi ziive.
3. Tia vipande, chumvi na kikombe kimoja cha maji. Funika dakika 15.
4. Katakata majani kama sukuma wiki, yatie, na uache dakika 5 zaidi. Nyunyiza dania.

Kitoweo hiki huliwa kwa ugali au chapati. Nanyi wanafunzi mnaopanga chumba, msio na mafuta ya taa ya kuchezea, ikwaruzeni mbichi pamoja na karoti, mtie ndimu na chumvi. Ni kachumbari tayari.

Mwenye gunia la udongo nje ya mlango anaweza kuipanda mwenyewe. Huvunwa baada ya miezi 2 hivi tangu mbegu kupandwa.

Jirani alijaribu tena Jumamosi iliyopita. Safari hii, majani ndiyo yaliyogombaniwa.

Hadi Jumapili ijayo, mapishi mema.