Omena Wetu Alivuka Maji kwa Nauli Gani?

Ukipita Kisumu Ndogo kule Kibera jioni makaa yanapowashwa, au ukishuka matatu ya nambari 46 Kawangware, harufu inayokupokea kwanza ni ya omena anayekaangwa. Jamaa wengi wa mitaa hii humjua omena kuliko wanavyoijua nyama, kwani gorogoro moja huweza kusukuma ugali wa siku kadhaa.

Jumamosi moja nilimuuliza mama anayeniuzia, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, samaki wake hufikaje Nairobi. Alicheka sana. "Mwanangu, hawa wamesafiri kunishinda," akasema. "Wamepanda mashua, wakapanda lori, wakapanda mkokoteni. Na kila walipopanda kuna aliyelipwa."

Ni hiyo mashua iliyonikosesha usingizi.

Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa barabara, lakini Mfangano, Takawiri, Ringiti na Remba ni lazima uvuke maji, sawa na Mageta upande wa Siaya. Kazi kubwa hufanywa na mashua za mbao zenye injini nyuma. Zikija nchi kavu hubeba samaki. Zikirudi hubeba unga, saruji, mabati, kreti za soda na mafuta. Juu ya magunia hayo huketi akina mama na watoto. Kisiwani, duka huwa na kile tu kilicholetwa na mashua, na mwenye mashua akiwa mmoja, bei ya kubeba gunia ni ile aliyoamka nayo. Wakiwa wengi, nauli hushuka, lakini hapo kila mmoja hutaka kujaza zaidi ya mwenzake ili apate faida. Kwa hivyo ushindani peke yake si dawa.

Tuliona matokeo ya kujaza mnamo Alhamisi, Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, Tanzania, siku ya soko, kikielekea kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeidhinishwa kubeba abiria 101 na mizigo tani 25. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, na watu 228 wakafa. Yaani waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliopaswa kupanda! Na kivuko hicho kilikuwa mali ya serikali, si cha tajiri fulani mwenye tamaa. Miaka saba kabla ya hapo, Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaa watu na shehena. Waliokufa na kupotea walipita 1,500. Sisi wenyewe hatujasahau Mtongwe, Aprili 29, 1994, ambapo roho 272 zilipotea.

Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na balaa hili hili. Wenye meli walijaza kupindukia, kisha meli ikizama wanalipwa bima. Mbunge Samuel Plimsoll alipiga kelele hadi sheria ya 1876 ikalazimisha kila meli ichorwe mstari ubavuni, na maji yasiupite. Lakini sheria hiyo ilimwachia mwenye meli aamue mwenyewe mstari ukae wapi! Hadi 1890 ndipo serikali ilipochukua kazi hiyo. Kumwachia mchuuzi apime kwa gorogoro aliloligonga chini mwenyewe, nyinyi wanunuzi mwajua ladha yake.

Kwetu Kenya sheria zipo. Mamlaka ya Usafiri wa Majini Nchini, KMA, ilianzishwa 2004, na Sheria ya Meli ikapitishwa 2009. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina Sheria ya Usafiri katika Ziwa Victoria ya 2007. Taabu ni macho ya kusimama ufuoni alfajiri na kuhesabu magunia. Kanuni za marehemu John Michuki zilipoanza Februari 2004, matatu za Kawangware zilifunga mikanda na kuacha kusimamisha watu, kwa muda. Polisi walipolegea, watu walirudi kuning'inia mlangoni. Lakini matatu iliyojaa huenda ikapasuka gurudumu tu. Mashua haina kando ya barabara pa kuegesha.

Nilipomwambia mama huyo kwamba yafaa abiria watengwe na magunia, na kila mashua ichorwe mstari, hakufurahi nilivyotarajia. "Basi mashua itabeba nusu," akasema, "na nusu nyingine nitailipia mimi." Hapo alinishika. Kwa hakika kanuni bila fedha humuumiza mnunuzi wa Kibera na muuza duka wa Remba kwa pamoja. Indonesia, nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000, tangu 2015 serikali yake hutoa ruzuku kwa meli za mizigo zinazokwenda kwa ratiba katika visiwa vya mbali ambako mfanyabiashara haoni faida. Sioni kwa nini visiwa vyetu vichache visitengewe chombo kimoja cha mizigo chenye siku zake na bei iliyobandikwa ufuoni, wenye mashua wakabaki na abiria wao. Barabara za lami hatuulizi kama zinaleta faida.

Hayo ni ya wakubwa. Nawe mzazi wa Laini Saba au Gatina unayewapeleka watoto kwa nyanya yao kisiwani shule zikifungwa, hesabu maboya ya kujiokolea kabla ya kulipa. Yakipungua vichwa, shuka, hata kama nahodha ni binamu yako.

Mama alinifungia gorogoro langu. Niliomba kuongezewa kidogo, akaniangalia, akaniuliza kama sikuwa nikimsikiliza muda huo wote.