Mafuta yakiisha, taa zitabaki. Matatu je?

Jamani, mafuta hayataisha duniani usiku mmoja kama salio la simu. Yatapanda bei kwanza. Mwenye pesa atajaza tangi, wengine tutatembea.

Sisi watu wa kompyuta tukisikia habari hizi tunawaza umeme. Hapo Kenya ina nafuu: sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Loiyangalani. Kompyuta yangu hapa Kahawa Sukari itawaka. Lakini karibu kila kinachopita Thika Road kinakunywa petroli au dizeli.

Jaribio tulishalipata Aprili 2022. Dunia haikuwa imeishiwa; serikali ilichelewa tu kulipa kampuni za mafuta pesa za ruzuku. Foleni zikajaa vituoni, nauli zikapanda. Programu ya namna hiyo, isiyo na njia ya pili, mimi singethubutu kumpa mteja.

Kuna wanaotegemea mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa 2012. Haya, lakini kiwanda cha Mombasa kiliacha kuyasafisha mafuta ghafi 2013. Tutayatia kwenye matatu yakiwa mabichi?

Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi 2022. Ningeweka pesa ya umma huko kabla ya kusaidia magari madogo ya wenye uwezo, maana basi moja hubeba watu wengi kutwa nzima. Lori la kabichi kutoka Kinangop ndilo gumu. Betri yake ni nzito, safari ni ndefu, na mwenye lori ananunua la mtumba. Hapo ndipo ninapoona njaa, si giza.